Ploti Isiyo na Mwenye Nyumba

Ijumaa ile mliponiaga pale ofisini Kabiro mlitaka nitoe hotuba. Nilikataa kwa sababu soda ilikuwa baridi na mandazi yalikuwa moto, na hotuba ingeharibu vyote viwili. Lakini mlinisumbua, hasa wewe Brian, mkisema nisiondoke bila kuacha neno. Basi nimekaa hapa mlangoni kwangu Mashimoni, Kibera, miguu juu ya kreti, nawaandikia. Vyeo sitavitaja. Vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuja kimebeba kazi ya mtu mwingine aliyeacha. Mshahara mnaujua, ni ule ule wenu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa chini ya ardhi. Nilikuwa fundi wa kuunga nyaya katika kampuni ya simu, enzi ambazo simu ilikaa mezani na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Siku ya kwanza nilishushwa kwenye shimo la barabarani nikiwa na koleo, tochi, na ovaroli ya mwanamume aliyenishinda unene mara mbili. Aliyenifundisha aliitwa Makokha, mtu wa kwetu Magharibi, mrefu, mwenye maneno machache. Alinionyesha jinsi ya kuoanisha nyuzi kwa rangi, kisha akanipa kifaa cha kusikilizia kama laini iko hai. Nikakiweka sikioni. Wanawake wawili walikuwa wanamsema shemeji yao, na walimsema vizuri sana. Nikacheka. Makokha akakitoa sikioni mwangu.

"Laini iko hai?"

"Iko hai."

"Basi hapo ndipo kazi yako inaishia. Mengine si yako."

Sijawahi kupewa sheria ya kazi iliyo fupi kuliko hiyo. Mpaka leo sijui yule shemeji alifanya nini, na bado inaniuma kidogo.

Simu za mkononi zilipokuja, nyaya zetu zikageuka vyuma chakavu na sisi tukapunguzwa kazi. Makokha akaingia mambo ya kompyuta na kuhamia Kawangware. Mimi nikafungua saiba hapa Mashimoni, chumba cha mabati chenye kompyuta chache na feni moja iliyopuliza joto kutoka kona hii kwenda kona ile. Watu walikuja kuchapa barua za kuomba kazi, kuangalia matokeo ya watoto, na kuingia kwenye ule mtandao mkubwa ambao kila mtu yuko ndani yake. Sitautaja jina. Haujakosa matangazo.

Mkabala na saiba palikuwa na kibanda cha msusi aitwaye Akoth. Alikuwa amemkimbia mume huko Kawangware, mtoto mgongoni na nguo alizovaa, kwa sababu mume huyo alimpiga hadi siku moja jirani akadhani amekufa. Huku Kibera alibadilisha kila kitu: kanisa, soko, hata namna ya kufunga kitambaa kichwani. Baadaye akataka wateja waone mitindo yake, akajifungulia akaunti kwenye ule mtandao mkubwa kwa jina jingine, na mahali pa sura yake akaweka picha ya ua.

Haikuchukua muda. Mchana mmoja mume akatokea mlangoni pa kibanda, simu mkononi, ile picha ya ua ikiwa kwenye kioo. Nilisikia mayowe nikatoka mbio. Nilikuta wateja wote wamesimama, mmoja akiwa amesukwa upande mmoja tu, wengine wameshika vitana na thamosi ya maji moto. Mwanamume alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akaanguka mtaroni. Akaondoka akitukana, lakini akaondoka.

Akoth akaja kwangu na simu yake. "Mama Eugene, nani alimwambia? Sikumwambia mtu. Hata mamangu sikumwambia."

Nikaichukua simu yake nikaangalia. Alipofungua akaunti alikuwa ameulizwa namba ya simu, akaiandika. Simu ya mume nayo ilikuwa bado imeihifadhi namba hiyo. Mashine ikajumlisha mbili na mbili, ikamtumia mume ujumbe kwa adabu nyingi: huenda unamjua mtu huyu. Kweli alimjua, na chini ya picha za mitindo Akoth alikuwa amewaandikia wateja kibanda kilipo. Hakuna binadamu aliyemsaliti Akoth. Ni mashine tu iliyokuwa inajaribu kuwakutanisha marafiki.

Nilihangaika na jambo hilo kwa muda mrefu. Kwa hiyo Makokha aliponipigia baada ya kimya cha miaka, alinikuta niko tayari bila yeye kujua.

"Bado unapanda?" akauliza. Hata salamu hakutoa.

"Napanda nini?"

"Paa. Nina antena ya kufunga na hawa vijana wangu wanaogopa mabati."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Ofisi ilikuwa chumba kimoja Kabiro, huko huko Kawangware, ukuta kwa ukuta na kinu cha unga cha Mama Zipporah. Kodi ilikuwa nafuu kwa sababu kinu kikinguruma hata mawazo yako huyasikii. Siku ya kwanza nilifunga antena, nikashuka, na Makokha akanionyesha seva yetu, kompyuta ndogo inayotoshana na kipande cha sabuni ya kufulia, ndani ya sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni. Nilipofungua kifuniko niliikuta nyeupe. Unga ulikuwa unapenya ukutani na feni ilikuwa inauvuta ndani kwa bidii. Tungechelewa kidogo tungekula ugali wa seva.

Hapa nawapa ushauri wangu wa kwanza wa kitaalamu, na mwaweza kuucheka mkitaka: nunueni brashi ya kupakia rangi, mpya, ya manyoya laini. Nimeona programu nyingi za kulinda seva. Hakuna iliyookoa mashine nyingi kama brashi ile.

Alichotaka Makokha kilikuwa rahisi kueleza na kigumu kujenga. Badala ya mtandao mmoja mkubwa wenye kampuni moja inayojua habari za kila mtu, tuwe na mitandao mingi midogo. Kibera iwe na seva yake, Kawangware yake, kila moja na watu wake na sheria zake, ila ziweze kuongea. Mtu wa Kibera aandike, dadake wa Kawangware asome. Na seva isihifadhi kitu isichokihitaji: hakuna namba ya simu, hakuna jina la kitambulisho, hakuna kumbukumbu ya nani amemtafuta nani. "Kitu ambacho huna," alisema, "hakiwezi kuibiwa kwako, wala huwezi kulazimishwa kukitoa."

Tatizo lilikuwa jina. Katika mkutano wa kwanza wa wakazi, hapa Kibera, Makokha aliuita mtandao uliogatuliwa. Mzee mmoja akadhani ni ugatuzi wa serikali, akainua mkono akauliza kama gavana anakuja. Ilibidi tueleze upya kwa robo saa kwamba si kaunti. Nilikuwa nimemleta Akoth mkutanoni, na ni yeye aliyetuokoa.

"Si museme tu ni ploti," akasema. "Ploti ina geti lake na keateka wake. Niko na nyumba yangu ndani, na keateka hana ruhusa ya kuingia kwangu. Nikitaka kumwona dada kwa ploti ingine, natoka naenda. Hawa wakinikasirisha, nahama na vitu vyangu."

"Na landilodi?" akauliza msichana mmoja nyuma. Huyo ndiye Muthoni, aliyekuwa akirekebisha simu pale Kawangware na ambaye kuuliza kwake hakujawahi kupungua.

"Landilodi hakuna," Akoth akasema.

Sijawahi kusikia makofi kama yale, wala kabla wala baadaye. Tukauita Ploti. Akoth akawa keateka wa Ploti ya Kibera pamoja nami, Muthoni akachukua Kawangware. Keateka kwetu, kama mnavyojua lakini nawaandikia na wale watakaokuja baada yenu, ni yule anayeitunza seva, anayesoma malalamiko na kuondoa matusi.

Watu hawakutupenda mara moja. Kwetu habari zilipangwa kwa jinsi zilivyoandikwa, ya karibuni juu, basi. Kijana mmoja, wa wale walioniita Madam Waya kwa ajili ya zile nyaya, alinisimamisha njiani kunilalamikia.

"Madam Waya, hii kitu yenu imeboeka. Haijui napenda nini."

"Ndiyo, haijui."

"Sasa itajua lini?"

"Haitajua."

Akaniangalia kama mtu aliyeuziwa redio isiyo na spika. Lakini mwezi uliofuata nilimwona amejiunga, kwa sababu mpenzi wake alikuwa amejiunga, na hiyo ndiyo sababu ya kweli ya watu kujiunga na mtandao wowote duniani.

Halafu kulikuwa na suala la paswadi. Usipochukua namba wala barua pepe ya mtu, akisahau paswadi utamrudishiaje akaunti? Tuliamua kwamba anayetaka achague majirani wawili. Akipotea nje, wawili hao wakisema ni yeye, anafunguliwa. Ilifanya kazi vizuri, isipokuwa kwa Mzee Osundwa, fundi viatu, ambaye alisahau kila wiki na kuwachosha majirani zake mpaka mmoja akamwambia, "Mzee, si uandike mahali!" Akaandika. Aliandika kwa chaki kwenye ubao wa kibanda chake, chini ya bei ya soli. Tukambadilishia, tukamwomba asitusaidie tena.

Niwaambie sasa habari ya siku ambayo kazi yetu nusura imuue mtu. Wengine mmeisikia vipande vipande, na vipande vingine ni vya uongo.

Kabiro palikuwa na mchuuzi aitwaye Shem. Aliuza peremende na vile vichupa vya maji ya sabuni ambavyo watoto hupuliza mapovu. Alikuwa akisukuma baiskeli yake huku akipuliza, na watoto wanamfuata wakirukia mapovu. Jumamosi moja, mchana, mtu wa Ploti ya Kibera aliweka picha yake akicheka na watoto, na chini akaandika: Wazazi chungeni, huyu ndiye anaiba watoto Kawangware.

Nilikuwa nakula. Simu ikalia, Muthoni.

"Madam, futa hiyo kitu! Futa sasa hivi!"

"Kitu gani?"

"Fungua uone. Watu wameanza kutoka na mawe huku!"

Nikapiga kelele kumwita Akoth. Tukaiondoa Kibera mara moja. Lakini ilikuwa imeshavuka. Kawangware walikuwa na nakala, na kutoka hapo ilikuwa imeingia kwenye simu za watu. Hicho ndicho tulichojivunia siku zote, kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kufuta kila kitu. Siku hiyo nilitamani mtu huyo awepo, na nilitamani awe mimi.

Muthoni akapiga tena. "Nimeondoa ya kwangu. Na nimewafungia geti. Kuanzia sasa hakuna kitu kutoka Kibera kitaingia huku."

"Muthoni, ngoja tuongee."

"Siongei. Kuja huku. Shem amekimbilia kwa kinu."

Nilipanda boda nikaenda. Nilipofika, barabara mbele ya kinu ilikuwa imejaa watu. Mwanzo wake nilisimuliwa na Muthoni. Shem alikuwa ameingia kwa Mama Zipporah akiwa amepasuka kipaji cha uso. Mama Zipporah, mwanamke mnene asiyependa haraka, alimtazama, akatazama umati unaokuja, akasema neno moja tu: "Vua shati." Kisha akawasha kinu.

Hapo ndipo mimi nilipofika. Kinu kilikuwa kinanguruma kwa nguvu zake zote. Watu walikuwa wanapiga kelele lakini hakuna aliyesikia mwenzake. Mmoja alikuwa anahutubia, mdomo unaenda, sauti hakuna. Mama Zipporah alikuwa mlangoni akionyesha masikio yake kwa masikitiko, kana kwamba angependa sana kuwasaidia ila hasikii. Unga ukatoka nje kama wingu, watu wakaanza kukohoa na kujipangusa macho. Na kutoka ndani ya wingu lile wakatoka vibarua wawili wa kinu, weupe kuanzia nywele hadi vidole, kila mmoja na gunia begani. Umati ukawapisha. Mtu mmoja mwenye jiwe mkononi alimsaidia yule wa pili kuweka gunia sawa begani.

Wa pili alikuwa Shem.

Tulimficha ofisini kwetu, mlango wa pili tu, mpaka chifu alipokuja na maaskari na umati ukatawanyika. Shem alikaa kwenye lile sanduku la bati, unga umeganda kwenye damu ya kipaji chake. Nilimpa maji. Hakunywa.

"Ni nani aliandika?" akauliza.

"Hatujui," nikasema.

"Si mashine yenu ni hii?"

"Ni yetu. Lakini hatukuifanya ijue."

Akatuangalia mmoja mmoja, mimi, Muthoni, na Makokha aliyekuwa amesimama pembeni. "Kwa hivyo nyinyi mnajua kuficha watu. Mimi nani ananificha?"

Katika miaka yangu yote ya kazi hilo ndilo swali gumu kuliko yote niliyoulizwa. Nilimwona Makokha akiangalia mikono yake.

Siku iliyofuata tulikutana hapa kwangu, na huo mkutano sitaki mwingine kama huo. Muthoni alikuja ameshaamua.

"Tuchukue namba ya simu ya kila mtu. Mtu akiandika upuzi, tunampata."

"Na siku mtu atakuja na rungu akitaka hiyo namba?" Akoth akasema.

"Shem karibu auawe, Akoth! Nilimwona mimi. Angekufa ungeniambia nini?"

"Na mimi nikifa, wewe utaniambia nini?"

Hao wawili walikuwa marafiki. Muthoni alikuwa akisukwa na Akoth kila mwezi. Makokha akasema polepole, "Nyinyi wote mko sawa. Shida ni hiyo." Akachukua kofia akatoka. Muthoni akarudi Kawangware na geti likabaki limefungwa, na mwezi ule alitembea na kitambaa kichwani.

Mkitaka kujua kama kitu mlichojenga kina maana, kifungeni muone nani atakuja kulia. Kwaya moja ilikuwa na waimbaji wa sauti ya tatu Kibera na ya nne Kawangware; wakaanza kuimba nyimbo mbili tofauti. Kamati ya matanga ilikutana sehemu mbili, kila nusu ikingoja nusu nyingine. Bibi mmoja wa hapa Mashimoni alijua ana mjukuu Kabiro wakati mtoto ameshaanza kutabasamu. Alikuja mlangoni kwangu na fimbo. "Wewe ndio wa hiyo geti?" Nikasema ndiyo lakini ufunguo uko upande ule. Akasema ufunguo haumhusu, yeye anataka mjukuu.

Ndipo Akoth akaandika kwenye Ploti ya Kibera, wazi, kila mtu asome. Maneno yalikuwa yake, mimi sikuyagusa: "Uliyeandika juu ya Shem, sisi hatukujui na hatutakutafuta. Mimi mwenyewe nilijificha, najua kuogopa kulivyo. Lakini huyo mtu hatoki nyumbani kwake. Kibanda changu unakijua. Kuja usukwe."

Siku kadhaa zikapita. Asubuhi moja mwanamke akaingia kibandani kwa Akoth, akakaa kwenye kiti. Akoth akaanza kumfumua nywele bila kuuliza kitu. Alipofika nusu ya kichwa, yule mwanamke akaanza kulia.

Jina lake silisemi, na msinilazimishe. Nilikuwepo alipokwenda kukutana na Shem, kwa sababu aliomba tumsindikize. Tulikutana ndani ya kinu, Mama Zipporah akiwa amezima mashine na kukunja mikono. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kimya mle ndani.

"Ni mimi," akasema. "Mtoto wangu alipotea mchana mzima. Mtu akaniambia alionekana na wewe. Nilikuwa kama mwendawazimu. Kumbe alikuwa kwa dadangu wakati huo wote. Lakini nilikuwa nimeshaandika, na watu walikuwa wameshatoka na mawe. Niliogopa. Nilinyamaza."

"Hiyo picha ulipiga lini?" Shem akauliza.

"Zamani kidogo. Ulikuwa unachekesha watoto. Nilipenda vile walikuwa wanacheka."

Nilidhani Shem atampiga, na sidhani kama tungemzuia haraka. Mwishowe akasema, "Polisi sitaki. Pole yako pia sijui nitaiweka wapi. Kesho mchana tutapita hiyo barabara mimi na wewe, watu wakituona."

Na wakapita. Shem alisukuma baiskeli, mwanamke akatembea kando yake, na mtoto wake akakaa kwenye keria nyuma. Walianzia kinu, wakapita sokoni, wakapita mbele ya wale wale waliokuwa na mawe. Mtu akiuliza, mwanamke alisimama na kusema kwa sauti, "Nilisema uongo juu ya huyu." Akaanza tena kutembea. Muthoni alikuwa mbele ya duka lake la simu. Akoth alikuwa nyuma yetu, ingawa huo ndio mtaa wa mume aliyemkimbia. Sikuona nani alimkaribia mwenzake, lakini nilipogeuka walikuwa wamesimama pamoja, Muthoni akiwa amefungua kitambaa na Akoth akikagua uharibifu wa nywele kwa huzuni ya kitaalamu.

Shem hakuuza mapovu tena. Nawaambia hilo msije mkafikiri kila kitu kilirudi sawa. Anauza sponji na brashi za vyombo, kwa watu wazima, na mtoto akimkaribia anatazama kwanza kuna nani. Anatusalimia. Mwaka wa pili alijiunga na Ploti, na alichoandika cha kwanza ni bei ya sponji.

Kutokana na hayo ndipo zikatoka sheria mnazozitumia. Hakuna anayeingia Ploti bila majirani wawili wanaoijua sura yake. Mashine haimjui; majirani wanamjua, na yeye ndiye anayewachagua. Akiharibu, keateka anawaambia majirani, na majirani wanabisha hodi kwake. Tuhuma juu ya mtu haipiti getini mpaka makeateka wa pande zote mbili wameisoma. Na kitu kikiondolewa upande mmoja, ombi la kukiondoa linakwenda pande zote, kila upande unajiamulia. Akoth alikubali kwa sababu hakuna namba ya kuibwa. Muthoni alikubali kwa sababu kuna mlango wa kubisha. Makokha alisema ni sheria zenye kasoro ambazo hakuna aliyezipenda vya kutosha kuzipigania, na kwa uzoefu wake hizo ndizo hudumu. Muthoni akafungua geti siku hiyo hiyo. Bibi wa fimbo akaona picha za mjukuu, akalalamika kwamba amefanana na upande wa baba.

Baada ya hapo ilikuwa miaka ya kazi ya kawaida, na kazi ya kawaida haina hadithi. Antena zilianguka, tukazipandisha. Betri za sola zilikufa, tukazizika. Ploti nyingine zikaanza mitaa mingine bila kutuomba ruhusa, na hilo ndilo lililomfurahisha Makokha zaidi kabla hajarudi nyumbani Butere, ambako anafuga kuku na kukataa kununua simu yenye kioo.

Jumatatu iliyofuata ile Ijumaa ya mandazi, niliamka, nikachemsha chai, nikafungua mashine yangu kuingia kwenye seva niangalie kama kila kitu kiko salama. Ikanikatalia. Nikaandika tena polepole, nikidhani vidole vimezeeka. Ikanikatalia tena. Nikakupigia, Brian, unakumbuka.

"Madam, nilibadilisha funguo zote Ijumaa," ukasema. "Mtu akitoka kazini zinabadilishwa siku hiyo. Uliniambia wewe mwenyewe."

"Ijumaa saa ngapi?"

"Ulikuwa bado unakula mandazi."

Nilikata simu nikiwa nimekasirika, na kabla chai haijapoa nilikuwa nimefurahi. Nikaingia Ploti kwa mlango wa watu wote. Sikuwa na malalamiko ya kusoma, sikuwa na kitu cha kuondoa. Nikaandika kwamba mimi ni Mama Eugene wa Mashimoni, kwamba nimestaafu, kwamba nawashukuru. Niliandika vizuri, nikafuta, nikaandika tena, kwa sababu ni miaka mingi ya kazi na nilitaka isomeke.

Ikakaa juu kabisa. Watu wawili wakanipongeza. Niliketi nikingoja wa tatu. Kabla hajaja, mtu akaandika kwa herufi kubwa tupu: MAJI YAMERUDI MASHIMONI. Ujumbe wangu ukashuka. Mwingine akaandika ni kioski gani cha maji, mwingine akajibu, mwingine akauliza kuna foleni kiasi gani, nami nikashuka na kushuka mpaka sikujiona tena kwenye kioo. Nje nikasikia milango ikifunguliwa na mitungi ikigongana kuelekea kioski.

Nikaiacha chai, nikachukua mtungi wangu, nikakimbia.